Kipimo cha Saa Tatu

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kusoma mvua. Kila siku saa tatu asubuhi, Jumapili na Krismasi zikiwemo, nilifungua lango dogo la waya katika shamba kubwa la chai lililopakana na boma letu upande wa Kabianga, Kericho. Nilimimina maji ya mkebe wa mvua katika gilasi yenye mistari, nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha nikaandika. Halafu nilifungua sanduku jeupe lenye miguu minne na kusoma kipimajoto. Siku hizo tulipima mvua kwa inchi na joto kwa Farenhaiti. Karani mzee aliyenifundisha kazi hiyo alinipa kanuni moja tu: saa tatu ni saa tatu. Kipimo kilichochukuliwa saa nyingine, alisema, hakiwezi kulinganishwa na kingine chochote, kwa hiyo ni afadhali usiwe nacho.

Niliipenda kanuni hiyo kupita kiasi, kama itakavyoonekana.

Shule niliiacha mapema. Elimu yangu iliyobaki ilitoka katika kitabu kimoja. Meneja mmoja alipohama aliacha nyuma magazeti ya zamani, sufuria iliyotoboka, na juzuu moja ya ensaiklopidia ya Kiingereza, ile ya herufi C. Kwa mpangilio wa Kiingereza, humo mlikuwa na tabia ya nchi, mawingu, makaa ya mawe, kaboni, ng'ombe, kahawa na saa za ukutani. Niliisoma kwa msaada wa kamusi, ukurasa mmoja kwa wiki, na nilipoumaliza ukurasa niliurudia. Chai haikuwemo. Ilikuwa katika juzuu nyingine ambayo sikuwahi kuiona.

Mama yangu, tuliyeishi naye boma moja, hakuwahi kukisamehe kitabu hicho. Alisema kitabu kilichokaa Kericho miaka yote hiyo bila kuijua chai kilikuwa kimelala.

Jambo la kwanza nililojifunza kwa kuunganisha kitabu na rejista lilinipa furaha ambayo hadi leo sijui kuieleza vizuri. Kitabu kilisema kwamba dunia hupata joto kutoka kwa jua mchana, na usiku hulitoa tena kuelekea angani. Lakini hewa, kwa sababu ya mvuke wa maji na hewa ya kaboni iliyomo, huzuia sehemu ya joto hilo lisiondoke. Nilichukua rejista za miaka mitatu nikagawa asubuhi zote katika mafungu mawili: zilizofuata usiku wa mawingu na zilizofuata usiku wa nyota. Fungu la mawingu lilikuwa na joto zaidi, karibu bila kukosea. Asubuhi nyeupe, zile ambapo majani chai ya bondeni hubabuka kwa baridi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, zote zilikuwa katika fungu la nyota. Hakuna aliyenituma kufanya hesabu hiyo. Niliifanya mwenyewe kwa penseli, na kitabu kilikuwa sahihi. Siku nzima nilitembea nikitabasamu, hata dereva wa trekta akaniuliza kama nimepata mtoto.

Mwaka huohuo chai ilianza kuingia katika mashamba ya watu wadogo kama sisi. Mwalimu wa chai alikuja kwa baiskeli kutoka Sosiot na kutuonyesha namna ya kutengeneza nasari, yaani kitalu cha miche. Tawi hukatwa vipande vifupi, kila kipande jani moja na jicho moja. Kila kipande husimamishwa katika mfuko mwembamba uliojazwa udongo mwekundu wa chini. Juu ya mifuko hupindwa fito, juu ya fito hutandazwa karatasi ya nailoni, na kingo za nailoni hufukiwa kwa udongo pande zote hata hewa isipenye. Juu ya hayo yote hujengwa paa la kangaga lililokatwa kando ya kijito, ili jua liingie kwa kuchujwa. Hufunguliwa mara moja kila wiki tatu, hunyweshwa maji, hufungwa tena.

Mke wangu alielewa kabla mwalimu hajamaliza. Alisema ni kama mursik, maziwa yetu ya kugandishwa: ukishakitia kibuyu masizi ya mkaa na kumimina maziwa, huendi kila asubuhi kuchungulia.

Nasari ilikuwa yake. Miaka sita alikuwa amechuma chai ya wengine katika shamba lile kubwa, kikapu mgongoni, na sasa alitaka kuchuma yake. Alikubali kuacha mahindi ya nusu ekari ili ardhi itayarishwe, naye mwenyewe alikata kila kipandikizi. Tulikuwa na vitanda vitatu vya mifuko mia saba kila kimoja. Mwalimu alisema atarudi mwezi wa sita kuhesabu. Mwenye miche elfu moja na mia saba yenye mizizi angeandikwa kupanda katika mvua ndefu zilizofuata. Ambaye hakufikisha, nafasi yake ingechukuliwa na jirani, naye angesubiri, na mwalimu hakusema kwa miaka mingapi.

Mimi niliitazama nailoni ile nikaona ukurasa wangu wa tabia ya nchi umetandazwa uwanjani kwetu. Niliomba ruhusa ya kuweka kipimajoto ndani ya kitanda cha tatu. Mke wangu aliniruhusu kwa sharti kwamba nitoboe tundu dogo la kidole na kuliziba kwa plasta. Kipimajoto hicho kilikuwa cha kawaida, cha zebaki tu, si kile kinachobakiza alama ya joto la juu kabisa la siku. Nilikisoma saa tatu na robo kila asubuhi, yaani baada ya kusoma cha kituoni na kutembea hatua mia nne, kisha nilirudi ofisini na kukaa na hesabu mpaka jioni.

Wiki za kwanza zilikuwa za raha tupu. Nje baridi, ndani joto. Jioni niliwaeleza mama na mke wangu kwamba dunia nayo ina nailoni yake, isiyoonekana, na kwamba bila hiyo hata Kisumu kungeganda. Mama alisikiliza huku akisafisha kibuyu, kisha akauliza, "Na hiyo nailoni ya dunia, kingo zake nani alizifukia?"

Nilitafuta jibu wiki nzima. Baadaye niligundua kwamba kinachoishikilia hewa ni uzito wa dunia wenyewe, unaoivuta isitoroke. Lakini jambo hilo kwa Kiingereza huanza kwa herufi nyingine, na mama aliendelea kuhesabu swali lile kuwa limenishinda.

Januari ilikuja na anga kavu. Asubuhi tatu mfululizo nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe. Hapo ndipo nilipopata wazo. Kama nailoni huhifadhi joto la jua, na kangaga hulizuia jua, basi tukiondoa kangaga joto la mchana litaongezeka, na usiku kitanda kitaanza kikiwa na akiba kubwa zaidi. Wazo hilo lilikuwa na mantiki kila sehemu isipokuwa moja. Mke wangu alikuwa amekwenda kwao upande wa Londiani kumsaidia dada yake aliyejifungua. Niliondoa kangaga la kitanda cha tatu, nikalipanga vizuri kando, nikaanza kupima.

Sehemu iliyokosekana ni hii. Mikaratusi ya jirani ilikifunika kitanda hicho kwa kivuli chake mpaka karibu saa nne. Saa tatu na robo palikuwa na ubaridi mzuri. Niliandika, nikafurahi, nikaenda kazini. Jua lilifika baada yangu.

Mama aliyaona majani yakilegea mchana wa siku ya pili. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alinijibu kwamba alidhani kitabu ndicho kilichotaka hivyo, na kwamba mtu mwenye kalamu mkononi yeye hamkatizi.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Mke wangu alirudi adhuhuri, akaenda nasari moja kwa moja, mzigo ukiwa bado mgongoni. Nailoni ilikuwa imejaa matone kwa ndani, na nyuma ya matone majani yalikuwa na rangi ya chai iliyokwisha kuchemshwa. Hakupaza sauti.

"Baba watoto, ulipima?"

"Nilipima."

"Nisomee."

Nilifungua daftari. Siku ya kwanza, saa tatu na robo, sitini na tisa. Siku ya pili, saa tatu na robo, sabini na moja. Siku ya tatu, sabini. Siku ya nne, sabini na moja.

"Na saa nane?"

"Saa nane huwa niko kazini."

"Jua nalo liko kazini," alisema, akaenda kuweka mzigo wake ndani.

Saa nane alasiri hiyo tulisimama pamoja kandokando ya kitanda, yeye, mimi na mama, tukasoma. Zebaki ilikuwa imefika mwisho wa kipimajoto, mia moja na ishirini, na haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama alikitazama muda mrefu. Kisha alianza kucheka, taratibu, akajifunika mdomo kwa leso, na alipojaribu kuacha alishindwa. Alisema hajawahi kuona mtu akipika mboga siku nne huku akiandika kwamba jiko halijawashwa. Mke wangu alijaribu kubaki na hasira, nami nikamwona akishindwa. Tulicheka wote watatu mbele ya vipandikizi mia saba vilivyokufa. Lakini hesabu haikucheka: vitanda viwili, hata visipopoteza kipandikizi hata kimoja, vilikuwa elfu moja na mia nne.

Kesho yake mke wangu alikwenda Sosiot kwa miguu kumwambia mwalimu ukweli. Nilitaka kwenda mimi, akakataa, akisema nitaanza kueleza. Mwalimu alimpa matawi mapya, akamwonya kwamba yamechelewa, na kwamba mwezi wa sita atahesabu mizizi, si sababu. Alisema pia udongo wa kitanda kile umwagwe, maana vipandikizi vimeozea ndani yake.

Hivyo tukaenda kutafuta udongo mpya, na ingawa msimu ulikuwa umetuponyoka nusu, siku hizo mbili za kuchimba ni kati ya siku ninazozipenda zaidi maishani mwangu.

Tulichimba chini ya shamba, mahali mteremko unapokutana na bwawa la matete. Kijito kilikuwa kimekata ukingo pale na kuuacha wima, mrefu kunishinda. Udongo mwekundu tuliouhitaji ulikuwa upande wa juu. Lakini nilipouparua ukingo kwa jembe ili nijue unaendelea mpaka wapi, nikaona mistari. Chini ya nyasi kulikuwa na udongo mweusi wa bwawa, laini, uliojaa mizizi ya matete iliyogeuka nyuzi. Chini yake, mstari mwembamba wa mkaa. Chini ya mkaa, udongo wa kijivu uliokauka na kupasuka kama sahani. Na katikati ya kijivu hicho kulikuwa na gogo limelala, nusu ndani nusu nje.

Nilisema huenda ni mti uliosombwa na mafuriko. Mke wangu alichukua panga, akalichonga gogo kidogo, akanusa. Akanusa tena, kisha akaniwekea kibanzi puani.

"Hii ni tarakwet," alisema. "Kwetu ndiyo tunayojengea ua."

Tarakwet ni ule mwerezi ambao mbao zake hazioi upesi, na hata zikikaa miaka mingi ukizichonga hunukia. Upande wa kwao, ambako mvua ni chache, imejaa. Upande wetu hakuna hata mmoja. Nilimwuliza kwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini samaki hawakai juu ya paa. Alisema mti huo haupendi kulowa kila siku, na huku kwetu mvua hunyesha kila alasiri, basi ungefuata nini.

Niliweka jembe chini. Katika kitabu changu niliwahi kusoma, bila kuamini sana, kwamba tabia ya nchi haijawahi kusimama mahali pamoja: kwamba zamani barafu ya Mlima Kenya iliteremka mbali kuliko leo, kwamba maziwa ya Bonde la Ufa yaliwahi kuwa makubwa kisha yakakauka karibu kwisha, na kwamba wataalamu huyajua hayo kwa kusoma matope, tabaka kwa tabaka, na mabaki ya mimea yaliyofukiwa humo. Nilidhani matope hayo yako Ulaya. Na hapa mke wangu alikuwa amesoma ukingo wa kijito chetu kwa pua. Bondeni mwetu, ambako mimi niliandika mvua takriban kila siku ya mwaka, paliwahi kuwa pakavu kiasi cha mwerezi kuota na moto kupita. Kisha mvua zikarudi, matete yakapanda juu ya majivu, na tukaja sisi na chai yetu tukidhani palikuwa hivi tangu mwanzo.

Nilimweleza haya yote nikiwa nimesimama ndani ya maji. Alisikiliza, akauliza swali moja: je, wakati huo nailoni ya dunia ilikuwa nyembamba au nene? Nilisema kitabu kinataja sababu nyingi, kuyumba kwa dunia katika njia yake ya kulizunguka jua ikiwa mojawapo, na kwamba hewa ya kaboni huenda ilihusika pia, lakini wataalamu walikuwa bado wanabishana. Nilimwambia pia kwamba makaa ya mawe ni misitu ya kale iliyofukiwa, na viwanda vinapoyachoma huirudisha hewani kaboni ya misitu hiyo. Walikuwepo walioona kwamba jambo hilo litaiongezea dunia joto, na walikuwepo waliosema ni kidogo mno.

"Walipima saa ngapi?" akauliza.

Nikajaza gunia.

Kitanda cha tatu kilipandwa upya kabla ya Januari kwisha, na kangaga likarudi juu yake. Tuligawana kazi. Saa tatu na robo ilikuwa yangu, saa nane yake. Nilimfundisha kusoma kipimajoto kwa alasiri moja. Kuandika tarakimu alijua tayari, kwa kuwa alizoea kuangalia uzito wa kikapu chake kwenye mizani ili asipunjwe. Safu yake katika daftari ilikuwa na mwandiko mkubwa kuliko wangu na habari zaidi. Mimi niliandika sabini. Yeye aliandika themanini na nne, mawingu, kangaga la kona limeanguka nimelirudisha. Alipoona kitanda kinakaribia tisini aliongeza kangaga. Siku za ukungu alipunguza kidogo. Baada ya miezi miwili alijua, kwa kutazama anga tu saa nne, kipimo cha saa nane kitakuwa nini, na alikosea kwa nadra. Nilimwomba anieleze njia yake. Alisema hana njia, yeye yuko hapo tu.

Mwezi wa sita mwalimu alikuja. Alifukua kingo za nailoni ya kitanda cha kwanza na kuiinua, na hewa ya joto yenye harufu ya udongo ikatupiga usoni. Alichofanya ni kutazama jicho la kila kipandikizi kama limechipua, na pale alipotia shaka alipasua mfuko kwa kisu kutafuta mizizi. Mama aliketi kwenye kigoda na ungo wa mahindi mapajani, akitia punje moja ndani ya kikombe kwa kila miche kumi. Hakuna aliyemwomba.

Vitanda viwili vya kwanza vilitoa elfu moja mia mbili na tisini. Mwalimu aliandika. Zilihitajika mia nne na kumi kutoka kitanda kilichochelewa.

Alipoifunua nailoni ya tatu, upande wa karibu ulikuwa na vipandikizi vilivyokaa vilevile, vibichi lakini bila chipukizi. Mke wangu alikunja mikono. Mwalimu alipasua mfuko mmoja: hakuna kitu. Akapasua wa pili: hakuna. Kisha akasogea katikati, akapasua mmoja uliokuwa na chipukizi dogo jekundu, akatikisa udongo, na mizizi ikaning'inia, myeupe, minene kama tambi. Kutoka hapo alihesabu kwa haraka zaidi na zaidi. Mimi nilihesabu pamoja naye kimyakimya, nikapotea, nikaanza tena. Kabla hajafika mwisho wa kitanda mama alitikisa kikombe chake, akasema, "Imepita. Mwandike."

Mwalimu hakumwandika mpaka alipomaliza, maana naye alikuwa mtu wa utaratibu. Mia nne thelathini na sita. Akaandika jina la mke wangu, si langu, kwa sababu ndiye aliyekwenda Sosiot. Kisha aliomba kuona daftari, akafuata safu ya saa nane kwa kidole kutoka juu hadi chini, akauliza ni mwandiko wa nani. Alipoambiwa, alimwomba afike Kapsoit wiki iliyofuata akawaonyeshe wanawake wa huko.

Chai hiyo tunaichuma hadi leo, na mimi sasa nina miaka arobaini na sita. Kituoni tulibadilisha Farenhaiti kuwa sentigredi, na inchi kuwa milimita, nikalazimika kuzigeuza rejista zote za zamani kwa mkono, kazi iliyonifurahisha majira mazima ya baridi. Nimesoma pia kwamba kuna watu wanaopima hewa ya kaboni kila siku juu ya mlima mmoja ulio katikati ya bahari, na kwamba mwaka hadi mwaka kipimo chao kinapanda. Nilipomsomea mke wangu habari hiyo aliuliza kama kule mlimani kuna mtu anayekaa mchana kutwa. Nilisema naamini yuko. Alisema basi ni vizuri.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kesho yake baada ya mwalimu kuondoka. Nasari haikuhitaji tena kupimwa. Nailoni tulikuwa tumekwisha kuikunja ili miche ianze kuzoea hewa ya nje. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, kipimo cha saa tatu nimekwisha kukisoma. Saa nane kamili mke wangu alitoka jikoni akikausha mikono, akachukua daftari na penseli, akaenda akainama mbele ya kipimajoto kilichosimama peke yake kwenye udongo, akaandika. Nilimwambia kwamba kazi imekwisha. Alisema anajua, akapuliza vumbi juu ya ukurasa, akaenda kutazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa Sosiot.